Futikamba

Nimepanda Uru na futikamba shingoni kama fundi cherehani,
fomu kumi na mbili ndani ya mfuko wa rambo.
Vuli imelainisha njia. Nimeanguka mara moja,
hakuna aliyeona ila mbuzi wa mtu.

Namtafuta namba arobaini na saba.
Kwenye kompyuta ya mjini hana jina.
Huku juu ni Aikande wa Ndealilia,
na kila ninayemuuliza ananielekeza kwa kidevu:
pita hiyo migomba, ruka mfereji, usikanyage ukingo.

Alizaliwa na maji kichwani.
Miezi miwili tu, kofia za kaka yake hazimwingii,
macho yamezama nusu kama yanatafuta kitu kidevuni.
Majirani walisema waliyosema.
Shangazi alitaja mbuzi wa ukoo ambaye hakuchinjwa.
Ndealilia akamfunga mgongoni,
akateremka kwa miguu mpaka lami ya Moshi.

"Picha sikuielewa," ananiambia, akimenya ndizi.
"Daktari aliiinua dirishani, nyeusi,
akasema ndani ya ubongo mna vyumba vinne,
maji huzaliwa humo, yana njia yao ya kutokea,
ya huyu imeziba.
Nikamwambia, hapo umenena.
Kwetu sisi ni watu wa mfereji.
Maji hayagombezwi. Yanaonyeshwa pa kupita."

Wengine huwekewa mrija,
kichwani, chini ya ngozi ya shingo, hadi tumboni,
na mrija nao huziba,
huziba usiku, huziba mvua inaponyesha na gari hakuna.
Aikande walimwingilia kwa njia nyingine:
kijiti chenye jicho na taa,
tundu dogo kwenye sakafu ya chumba cha tatu,
maji yakashuka yenyewe.
Lipi litadumu?
Swali hilo ndilo linalonilipa mshahara.

Swali la tisa: je, mtoto anakaa bila kushikwa?
Anakimbiza kuku.
Kisanduku cha kuku hakuna. Naweka alama kwenye ndiyo.
Swali la kumi na nne: je, anaunganisha maneno mawili?
"Toka hapa," anasema Aikande.
Ndiyo.

"Na yule wa Mwika?" anauliza mama yake.
"Kandida, tuliyelala naye kitanda kimoja wodini.
Mwanawe alikuwa wa mrija."

Nafungua daftari nikijua sitasoma.
Simu ya Kandida haipatikani tangu Pasaka.
Ana kisanduku chake: *amepotea katika ufuatiliaji*.
Mwaka huu nimekijaza mara tisa,
kwa mwandiko mzuri.
Ningefika nikakuta kaburi fupi kihambani,
kuna kisanduku kingine.
Lakini sijafika. Nauli ya utafiti inaishia Himo.

"Hajapotea," anasema Ndealilia.
"Ana kwao. Ninyi ndio hamjafika."

Simjibu. Nazungusha futikamba,
juu ya nyusi, juu ya masikio, nyuma pale palipotokeza.
Arobaini na tisa na nusu.
Chini ya nywele, kovu,
urefu wake punje mbili za mchele, labda tatu;
kwenye fomu hawaliulizi.

Kisha ananinyang'anya.
Nimechuchumaa kwenye tope, kalamu mdomoni,
naye ananizungushia kamba, inanidondokea puani,
anairudisha, anaivuta mpaka inabana.
Anazitazama namba asizozijua,
anakunja uso kama watu wa koti jeupe:
"Kubwa."

Mama yake anacheka, kisu kikiwa hewani,
anacheka mpaka ndizi inamtoka mkononi.
"Andika hiyo," ananiambia.
Anaiokota, anaifuta kwa khanga.
"Kesho zamu ya Mwika."